Jiko la kuni litadumu likiwa la hiari

Sema mbele ya wapishi wa Ujiji kwamba maharage ya gesi na maharage ya kuni ni yale yale, uone kama utaachwa umalize. Utaelezwa habari za chungu kilichoinjikwa tangu alasiri, moto uliopunguzwa kijinga kimoja kimoja, na mchuzi uliojifunga wenyewe bila haraka. Utaambiwa kwamba wali usiopaliwa makaa juu hauna ukoko wa maana, kwamba ugali wa muhogo unataka moto usiobembeleza, na kwamba mgebuka usiopitia moshi ni samaki tu kama samaki wengine. Katika kata ya Rusimbi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mapenzi hayo hayajafutwa na mtungi wa gesi uliowekwa pembeni ya mlango wa jiko. Mengi wanayosema wapenzi wa kuni ni kweli. Ninachodai katika makala haya ni kwamba anayelipenda jiko la kuni kwa dhati ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kutaka gesi au umeme uingie nyumbani, kwa kuwa jiko hilo litabaki na heshima yake pale tu mpishi atakapokuwa na uwezo wa kutoliwasha.

Tulipe kwanza haki yake. Kupika kwa kuni ni ujuzi, na ujuzi huo una mantiki. Moto mmoja hupita hatua tatu: ndimi za mwanzo zinazochemsha maji upesi, makaa yenye joto lililotulia, na jivu la moto la mwisho ambalo muhogo au kiazi huvumbikwa ndani yake mpaka kiive na ganda lake. Mpishi mzoefu huupanga mlo wake kwa kufuata hatua hizo. Anajua lini avute kijinga nje na lini akisukume ndani, kuni za mti upi huacha makaa ya kudumu na zipi huwaka kwa kelele kisha zikaisha. Mafiga matatu nayo yana sifa ambayo watengenezaji wengi wa majiko ya kisasa wameipuuza: hayayumbi. Anayesonga ugali wa watu wanane huusukuma mwiko kwa nguvu za mabega, na kichwa cha gesi kilichofungwa juu ya mtungi wa kilo 6 hakikuundwa kwa msukosuko huo. Wapishi wanapolalamika juu ya jambo hili wanatoa hoja ya kiufundi inayostahili jibu la kiufundi. Bahati mbaya, mara nyingi malalamiko yao huhesabiwa kuwa ushamba.

Ukanda huu una sababu ya kihistoria pia ya kuuheshimu moto. Uvinza, mashariki ya Ujiji, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliofukua huko katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya meko ya kuchemshia maji hayo. Ushahidi wao unaonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika tangu karne ya 5 au ya 6, muda mrefu kabla misafara ya pwani haijafika ziwani. Chumvi iliyotengenezwa kwa kuni ilisafirishwa mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine, hivyo moto wa Uvinza ulikuwa mtaji wa biashara kabla ya biashara ya pembe na watumwa kuupa Ujiji jina lake. Mawese yanasimulia habari kama hiyo. Chikichi huchemshwa kwenye mapipa, hukamuliwa, mafuta hupikwa tena ili maji yatoke, na nyuzi pamoja na maganda ya mise, yaani kokwa za chikichi, hurudi motoni kuwa kuni za pipa linalofuata. Samaki wakubwa wa ziwa hupitishwa kwenye moshi ili wafike masoko ya mbali bila kuoza. Anayetaka kuufuta moto wa kuni Kigoma kwa amri ya siku moja anagusa kiwanda, ghala na jiko kwa pamoja.

Hata hivyo, mtu anayezungumzia uzuri wa jiko la kale hana budi kutazama mahali ambapo uzuri huo umekuwa biashara kamili. Huko Ulaya kuna watu wanaotoa fedha nyingi kununua majiko mazito ya chuma ya karne ya 19, wayang'arishe na kuyaweka sebuleni. Kampuni ya Godin ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1840, na Jøtul ya Norway, iliyoanza 1853, bado zina majina yanayotajwa kwa mapenzi. Jiko la Aga, lililobuniwa na Gustaf Dalén wa Sweden mwaka 1922, limekuwa alama ya nyumba ya shamba ya Kiingereza. Lakini mapenzi hayo yalikua lini? Yalikua baada ya gesi na umeme kuenea mpaka kwenye nyumba za kawaida. Bibi aliyeamka alfajiri kuchokora majivu ya jiko hilo kila siku ya maisha yake hakuliona kuwa pambo. Jiji la London lilifunikwa na moshi wa makaa ya mawe Desemba 1952 na maelfu ya watu wakafa, kisha mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Uzuri wa moto wa sebuleni ulianza kuimbwa kwa sauti kubwa pale ambapo hakuna aliyelazimika tena kuuwasha ili watoto wale. Na hata leo, huko huko, serikali zinazidi kuyabana majiko ya kuni kwa sababu vumbi lake laini ni sehemu kubwa ya uchafu wa hewa mijini wakati wa baridi.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya jiko la sebuleni London na jiko la uani Rusimbi. Kule anayelifurahia ndiye anayeliwasha, tena kwa siku anazotaka. Hapa anayelisifu kwa kawaida ni mlaji, na anayelilipia ni mpishi. Mlaji hukutana na moto ukiwa umeshakuwa chakula. Mpishi hukutana nao ukiwa tita la kuni kichwani, ukiwa kuni mbichi za masika zinazotoa machozi, ukiwa mtoto mgongoni anayevuta pumzi ile ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka nchini. Mkoa wa Kigoma wenyewe una somo lake kali. Katika kambi za wakimbizi, Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 ikiwa miongoni mwao, mashirika ya misaada yameeleza mara kwa mara jinsi wanawake waliotoka kambini kutafuta kuni walivyoshambuliwa njiani. Ladha ya maharage haiwezi kuhesabiwa bila kuingiza gharama hiyo kwenye hesabu.

Ni haki pia kusema kwamba sayansi ya moshi si nyepesi kama mabango ya kampeni yanavyoionyesha. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Malawi uliofuatilia watoto zaidi ya 10,000. Familia zilizopewa majiko yanayochoma kuni kwa usafi zaidi hazikupata nafuu ya nimonia kwa watoto ikilinganishwa na zilizobaki na moto wa kawaida. Baadaye ukaja utafiti mwingine wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambako familia zilipewa majiko ya gesi na gesi yenyewe bure. Moshi waliovuta akina mama ulipungua sana, lakini uzito wa watoto wanapozaliwa na nimonia kali havikubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa. Mtu anaweza kuzichukua habari hizi akasema, basi tubaki na mafiga yetu. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Jiko likibadilishwa ndani ya nyumba moja huku majirani wote wakiendelea kufuka, na taka zikichomwa nyuma ya kila ua, mtoto bado anavuta moshi wa mtaa. Pia, mapafu ya mtoto si sababu pekee ya kumpunguzia mama yake moshi. Macho yake, kifua chake, moto unaomuunguza mtoto anayetambaa karibu na mafiga, na saa zake za kutafuta na kuchochea kuni vyatosha kuijenga hoja bila kuipamba kwa ahadi ambazo utafiti haukuzithibitisha.

Sasa turudi kwenye ladha, maana hiyo ndiyo ngome ya wapenzi wa kuni. Ladha hiyo ina vitu viwili vinavyochanganywa. Cha kwanza ni moshi wenyewe, ambao kweli huingia kwenye samaki na nyama na kuacha harufu ambayo gesi haiwezi kuitoa. Cha pili ni joto la taratibu, la muda mrefu, ndani ya chombo kizito kilichofunikwa. Maharage, ambayo ndiyo hutajwa zaidi, hayapati kitu kikubwa kutoka kwenye moshi. Yanapata kutoka kwenye muda na utulivu. Na muda huo unaweza kupatikana kwa njia nyingine. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakachemshwa kwa gesi mpaka yachangamke, kisha sufuria ikafungiwa ndani ya kapu lililojazwa matambara au pamba kavu, huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe. Kanuni ni ile ile ya chungu kilichoachwa juu ya makaa yaliyofunikwa kwa jivu. Jiko la presha la umeme nalo hulainisha maharage kwa chini ya uniti moja. Mpishi anayejua kutunza makaa tayari anajua kutunza joto. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba ujuzi wake unahamishika. Moshi ubaki kwa mgebuka, ambako kazi yake inaonekana, tena nje, kwenye tanuri la kukaushia, mbali na mlango wa chumba cha kulala.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko. Gesi inayopikia Tanzania huagizwa kutoka nje, hupokelewa pwani, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika Kigoma. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana leo, ilhali mtungi ukiisha unadai fedha zote kwa mkupuo. Kwa anayeishi kwa kibarua, tofauti hiyo ndiyo uamuzi wenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, kutoka chini ya asilimia 10 mwanzoni mwa muongo huu. Siku chache baadaye alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris ambako ahadi za dola bilioni 2.2 zilitolewa kwa ajili ya kupikia kwa usafi barani Afrika. Lengo ni jema, lakini kugawa mitungi ni sehemu rahisi. Mtungi uliogawiwa na kukosa fedha za kujazwa huishia kuchemsha chai ya asubuhi na kupasha kiporo, au kusimama mtupu. Pingamizi la mfuko basi ni sababu ya kudai gesi ya kulipia kidogo kidogo, bei isiyoiadhibu mikoa ya mbali, na umeme wa kuaminika katika mkoa ulioishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Halithibitishi kwamba mpishi wa Rusimbi anapenda moshi. Linathibitisha kwamba hajapewa chaguo.

Wengine husema kuni ni zetu na gesi ni ya wageni, na kwamba mti hukua tena. Katika hili kuna ukweli wa nusu. Mti hukua tena ukipewa nafasi. Kaskazini mwa mji wa Kigoma, vilima vinavyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe vilikuwa vimevuliwa miti kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka Taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kwa kushirikiana na vijiji, kwa vitalu vya miche, mashamba ya miti ya kuni na majiko banifu. Tuwe wakweli: mashamba mapya ndiyo hula msitu zaidi, na matawi makavu yanayookotwa na akina mama si ya kulaumiwa sawa na matanuri ya mkaa yanayolisha miji. Lakini mafiga matatu hutumia vibaya hata kidogo yanachopewa, kwani sehemu ndogo tu ya joto la kuni, karibu asilimia 10 hadi 15, ndiyo hufika kwenye chungu. Nyingine hupotelea hewani. Mji unaokua hauwezi kupikia kila siku kwa hesabu hiyo na ukabaki na miombo ya kutosha kwa shughuli zinazohitaji moto wa kuni kweli. Kwa hiyo anayetaka mawese ya wajukuu wake yaendelee kupikwa kwa moto asiimalize misitu kwa kuchemshia maji ya kuoga.

Kuna pia hoja ya manufaa ya moshi: kwamba hufukuza mbu, hukausha paa na kulinda mahindi yaliyotundikwa darini. Kwa nyumba ya nyasi na dari ya nafaka, moshi ulikuwa na kazi yake. Nyumba nyingi za mjini leo zimeezekwa kwa bati, nafaka hununuliwa sokoni kwa kilo, na kuhusu malaria, ushahidi wa kuridhisha kwamba moshi wa jikoni huzuia ugonjwa huo haujapatikana. Chandarua kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hakimkohozi mtu.

Hofu ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: kwamba gesi ikishaingia, utamaduni wa moto utakufa, na binti wa kesho hatajua kupalia wali. Jibu lake linaonekana Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilitengenezwa huko jiko la mkaa lenye ganda la bati na moyo wa udongo uliochomwa, kwa kufuata mfano wa ndoo ya kupikia ya Thailand, na mafundi wa jua kali wakalichukua wakalifanya lao. Lilienea kwa sababu lilimkuta mpishi na ujuzi wake: aliendelea kupepea, kupalia na kuketi kwenye kigoda chake, lakini kwa mkaa mchache. Halikumwambia kwamba alichokijua ni upuuzi. Utamaduni hufa haraka zaidi pale unapofungwa kwenye taabu, maana kizazi kinachopata fursa ya kuikimbia taabu hukimbia na yote yaliyofungwa nayo. Msichana aliyekosa vipindi kwa sababu ya kuni hatayatamani mafiga akiwa mtu mzima. Yule aliyefundishwa kupalia wali siku ya sikukuu, huku siku nyingine akipika kwa gesi na kuwahi shuleni, ana kila sababu ya kuufundisha ujuzi huo kwa wanawe.

Kwa hiyo tunajua mahali pa moto wa kuni. Ni kwenye shughuli, ambako masufuria ya pilau ya harusi na hitima hupangwa uwanjani na moshi una mbingu nzima ya kupotelea. Ni kwenye tanuri la samaki na pipa la mawese, likiwa limejengewa meko yaliyofungwa pande zote na bomba la moshi, na kuchochewa kwa nyuzi na maganda ya mise kabla ya kugusa mti. Ni kwenye chungu cha mwisho wa wiki, kwa nyumba inayokitaka. Serikali imekwisha kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, na hilo ni sawa, kwa sababu mpishi wa shule hupika kila siku na hana hiari. Kwa nyumba za watu, njia inayofaa ni kuongeza uwezo badala ya kuongeza marufuku.

Manispaa na wadau wanaoleta nishati safi Kigoma-Ujiji wana mambo ya kufanya yanayotokana moja kwa moja na hoja hii. Wapeleke majiko ya gesi yenye fremu pana inayostahimili ugali wa muhogo, na wawape wapishi wa mtaa nafasi ya kuyajaribu kabla ya zabuni kufungwa. Waruhusu gesi inunuliwe kwa kiasi cha fedha za siku. Wafundishe kapu la joto na jiko la presha kwa kutumia maharage na samaki wa hapa, wakiwaachia wapishi wazoefu wa kuni jukumu la kufundisha, kwa sababu wao ndio mabingwa wa joto. Na sisi walaji tuna letu: kila tunapoagiza chakula cha kuni, tuulize nani atakayekipika, wapi, na kama alikuwa na jiko jingine la kutumia. Mpishi akishaweza kusema leo siwashi kuni, na familia ikala kwa wakati, basi siku atakayoamua kuwasha, sifa zote tunazolipa jiko lake zitakuwa za haki.